Mkono wa Kike

Kwa mwaka mzima na ushei, kila mpira niliougonga uliburuzika chini kuelekea kituo cha tatu. Haupai, hauendi kati, hauendi upande wa pili. Binti aliyekuwa analinda kituo hicho alikwishanizoea. Nikishika rungu tu, anachuchumaa na kusubiri, na siku moja nilimkuta anachora mchangani kwa kidole huku mpira ukimjia. Na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wao wa michezo.

Mchezo wenyewe ni softiboli, ndugu wa besiboli: mmoja anarusha mpira, mwingine anaugonga kwa rungu, kisha anakimbia kuzunguka vituo, na kituo cha tatu kiko upande wa kushoto wa mpigaji anayemtazama mrushaji. Uliingia shuleni kwetu, hapa Lindi mjini, mwaka 2018, mkononi mwa kijana wa kujitolea kutoka Japani aliyekuja kufundisha hisabati. Alishuka kwenye basi na begi moja la nguo na jingine kubwa zaidi. Ndani ya lile kubwa mlikuwa na glavu kumi na mbili, mipira minane na marungu mawili ya alumini. Wanafunzi walimwita Ticha, na jina likamkaa hata kwetu walimu. Mimi nilipewa kazi ya kumsaidia kwa sababu nilicheza netiboli chuoni, na kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kusimama juani alasiri.

Hilo neno rungu lina kisa chake. Siku ya kwanza Ticha alikuwa amepekua kamusi usiku kucha, akaja na neno "gongo", akaliandika ubaoni kwa herufi kubwa. Darasa zima likaangua kicheko. Huku kwetu kusini mabibo, yale matunda ya mkorosho, yakikamuliwa yanakuwa uraka, uraka ukipikwa unakuwa gongo, na gongo hufichwa chini ya kitanda polisi wakipita. Huwezi kusimama mbele ya watoto wa kidato cha kwanza ukatangaza kwamba leo kila mmoja atapata zamu ya gongo. Tukakubaliana liitwe rungu, na mpaka leo ni rungu.

Alitusimulia kwamba mchezo ulizaliwa ukumbini, huko Chicago, mwaka 1887, pale vijana walipoikunja glavu ya ndondi wakaifunga kamba ikawa mpira, na mpini wa ufagio ukawa rungu. Wanafunzi waliipenda hadithi hiyo kuliko sheria zote, maana nani kati yetu hakukulia chandimu, mpira wa makaratasi na kamba za katani? Tangu hapo mpira umekua. Wa siku hizi una mzingo wa sentimita 30 hivi na uzito unaozidi kidogo gramu 180, na jina lake lisikudanganye, si laini hata kidogo. Mrushaji wa timu ya wanawake anasimama mita 13.11 kutoka kwa mpigaji, anaurusha kwa mkono unaopita chini ya nyonga, na wale wa Olimpiki wanaweza kuufikisha kilomita 110 kwa saa. Mpigaji anakuwa na chini ya nusu sekunde ya kuona, kuamua na kupiga. Ticha alikuwa ananirushia polepole kama anayemrushia mtoto chungwa, na bado ulikwenda kituo cha tatu.

Kosa la kwanza alilirekebisha siku ile ile. Nilikuwa nimelishika rungu kwa viganja, nimelikumbatia kama mpini wa jembe ninapolima ardhi ngumu. Akanionyesha kulishika kwa vidole, kisha akasema vifundo vya vidole vya mikono yote miwili vikae kwenye mstari mmoja. Vifundo vipi? Alikosa neno. Akaenda mlangoni, akagonga. Wanafunzi wakaitikia kwa pamoja, "Karibu!" Basi vikaitwa vifundo vya hodi. Ukivipanga hivyo vifundo vya hodi, viungo vya mikono, pale inapoungana na viganja, vinalegea, na rungu linazunguka kwa wepesi ambao hukuutarajia. Hilo nililipata kwa dakika tano.

Kosa la pili ndilo lililonila mwaka. Kila nikipiga, Ticha ananyoosha mkono wake wa kulia na kuutikisa. "Mwalimu, mkono huu mapema sana." Mimi nikadhani ninasifiwa. Kwetu mwalimu huambiwa mapema akiwahi zamu, na mgeni huambiwa mapema akifika kabla chai haijapoa. Nikazidisha. Mkono wa kulia ukawa unawahi kwelikweli. Kwa Kiswahili chake cha wakati ule, na Kiingereza chetu cha kubahatisha, hakuna hata mmoja wetu aliyegundua kwamba mmoja analaumu na mwenzake anashukuru.

Mwanzoni mwa Oktoba 2019 nilikwenda Mtama kwa mama mkwe wangu. Korosho za kwanza zilikuwa zimeanza kudondoka, na alitaka kubangua kidogo za kula nyumbani na kumpelekea mjukuu. Anabangua kwa njia ya zamani. Korosho zinawekwa kwenye kipande cha debe kilichotobolewa, juu ya moto wa mawe matatu, zinakorogwa kwa fimbo ndefu mpaka mafuta ya ganda yanachuruzika na kushika moto, kisha zinamwagwa chini na kufukiwa mchanga. Zikipoa ndipo zinapasuliwa moja moja. Yale mafuta ya ganda yanachubua ngozi hata yakiwa baridi, kila mtoto wa mkoa huu anajua. Ndiyo sababu wabanguaji hujipaka majivu mikononi. Mama aliniambia, "Mwanangu, pakaa majivu." Nikajibu ndiyo mama, nikaendelea kuongea, nikazichambua kwa mkono wa kulia mtupu mpaka zikaisha.

Kufika jioni kiganja kilikuwa kimevimba. Asubuhi yake malengelenge yalikuwa yamepanga foleni kuanzia kidole gumba hadi cha mwisho. Kwenye zahanati walinifunga bendeji na kunipa wiki tatu za kutoshika kitu. Mama mkwe hakunilaumu. Aliniangalia tu, akaangalia lile kopo la majivu, akaendelea kupepeta mchele. Ingekuwa afadhali angesema.

Jumatatu nikaenda uwanjani nikiwa na mkono kama umevalishwa soksi. Nilitegemea Ticha aniambie nikae kwenye benchi nihesabu pointi. Badala yake akaleta rungu fupi la watoto, akaniwekea mpira juu ya kigingi. Kigingi chetu kilikuwa bomba la plastiki la maji lililosimikwa kwenye ndoo ya zege, na juu yake tumefunga tyubu ya baiskeli ili mpira ukae. "Kushoto peke yake," akasema.

Sijui kama umewahi kuuambia mkono wako wa kushoto ufanye kazi ya maana. Kiswahili cha wazee wetu wa pwani kinao mkono wa kuume na mkono wa kike. Wa kuume ndio wa kulia. Ndio unaokula, unaosalimia, unaopokea, unaotoa, na hata jina lake jingine limetokana na sahani. Wa kike ni wa kushoto, na tangu utotoni ukiunyoosha kwa mkubwa unapigwa kofi dogo. Nina miaka zaidi ya thelathini, na nilikuwa sijawahi kuukabidhi ule mkono chochote zaidi ya kushikilia sufuria isizunguke wakati wa kuume unasonga ugali.

Pigo la kwanza liligonga bomba. La pili likagonga ndoo. La tatu rungu lilinitoka na kwenda lilikotaka. Mkono ulikuwa unajaribu kuiga kazi ya kaka yake, yaani kusukuma kichwa cha rungu kiende mbele. Haukuwa na nguvu hizo. Uzito wa rungu ulikuwa unaushinda, kiwiko kinaanguka, kichwa cha rungu kinazama.

Ilichukua siku kadhaa kugundua kwamba mkono wa chini kwenye rungu, ambao kwangu ni wa kushoto, hausukumi, unavuta. Ulipo mkono huo ni karibu na kitako cha rungu, ile ncha nene inayozuia mkono usiteleze, na kazi yake ni kukivuta kitako kiende mbele kuelekea mpira, kikipita karibu na tumbo, wakati kichwa cha rungu bado kimebaki nyuma. Ni kama kumvuta mbuzi aliyegoma: wewe umetangulia na kamba, yeye anafuata shingo upande. Ukitanguliza kichwa cha rungu, umetanguliza mbuzi, na mbuzi anakwenda anakotaka yeye.

Jambo la pili nililiona kwa macho, kwa sababu ukiwa na mkono mmoja tu huna pa kukwepea. Rungu linapokutana na mpira, kiganja cha kushoto kinatazama chini, kama mtu anayefunika sufuria. Kikigeuka kabla ya hapo, kikatazama angani, kichwa cha rungu kinapinduka juu ya mpira na mpira unabamizwa chini. Na ukibamizwa chini na mpigaji wa mkono wa kulia unakwenda wapi? Kituo cha tatu. Nilisimama pale uwanjani na soksi yangu ya bendeji, nikamwangalia yule binti kule mbali, nikaelewa.

Wiki ya pili mpira mmoja ulipita kati. Haukuwa na nguvu, ulipita juu ya kichwa cha mrushaji kama kunguru mzee, lakini ulipita kati. Nimefunga ndoa na mkono wa kike tangu siku hiyo.

Bendeji ilipotoka nilidhani sasa mambo yamekamilika, nina mikono miwili, mmoja umesoma na mwingine una nguvu. Kumbe mkono wa kuume ulirudi kama bwana mkubwa aliyekuwa safari. Pigo la kwanza tu ukanyakua kila kitu na mpira ukarudi kule kule kwa binti. Ticha akacheka mpaka akaketi. Safari hii alikuwa amejiandaa kwa lugha. Akasema, "Mwalimu, kulia subiri."

Basi, kusubiri. Zoezi alilonipa lilikuwa la ajabu: nishike rungu kwa mkono wa kushoto sawasawa, na wa kulia niuweke mahali pake lakini vidole viwe wazi, rungu liegemee kiganja tu. Ukipiga hivyo, mkono wa kulia hauwezi kupindua rungu hata ukitaka, kwa sababu haujalishika. Unachoweza ni kulisukuma kwa kiganja kilichotazama juu, kama mtu anayepokea chenji dukani. Kiwiko cha kulia kinashuka na kubana ubavuni kama umebeba daftari kwapani. Wa chini unafunika, wa juu unapokea. Ukiikuta mikono yako hivyo wakati rungu linagusa mpira, rungu limelala sambamba na njia ya mpira, na hata ukiwahi au ukichelewa kidogo bado utagusa kitu. Kupinduka kwa mikono kunakuja baadaye kwenyewe, mikono ikishanyooka na mpira ukishaondoka.

Kuhusu miguu na nyonga sitasema mengi, maana kila anayefundisha anaanzia huko na ni kweli: nguvu inatoka ardhini, nyonga inafunguka kwanza, mabega yanafuata, mikono mwisho. Mjeledi haukati kwenye mpini. Ila mimi nyonga sikuwa na shida nazo. Mtu aliyekulia kwenye ngoma za huku hafundishwi kufungua nyonga.

Kilichonisumbua ni swali la nguvu. Ikiwa wa kushoto unavuta na wa kulia unasubiri, rungu linapata wapi ile kasi ya mwisho? Jibu nililipata kwa kaka yangu, ambaye ni mvuvi na hajawahi kushika rungu maishani mwake. Alikuja siku moja kuniletea dagaa, akasimama pembeni akiangalia. Nilipomaliza akasema, "Dada, wewe mikono yote miwili unaipeleka upande mmoja. Kafi haliendi hivyo."

Akachukua rungu, akaliinamisha kama yuko ndani ya mtumbwi pale ng'ambo ya Kitunda. Mkono wa juu ulisukuma mbele, wa chini ukavuta nyuma, na katikati ya mikono miwili mti ukageuka kama mzani. Ubao wa kafi ukachota maji yasiyokuwepo. "Mmoja ukienda, mwingine unarudi. Ndipo linapinduka."

Nikalishika rungu usawa wa kifua na kulijaribu polepole. Nikivuta kitako mbele kwa mkono wa kushoto, kisha mkono huo ukaanza kuzunguka kurudi upande wa mwili kwa vile bega limefunguka, na wakati huo huo wa kulia unaendelea kusukuma mbele, kichwa cha rungu kinachomoka kama kimerushwa. Mikono inapunguza mwendo, kichwa kinaongeza. Huo ndio mwisho wa mjeledi. Haufanyiki kwa kukusudia, na nilipojaribu kuukusudia nilijipiga kwenye mbavu. Unatokea wenyewe kama wa kushoto umeongoza vizuri na wa kulia haukuwahi. Nilimweleza Ticha habari ya kafi, akaichora kwenye daftari lake, mishale miwili inayopishana.

Yeye naye akaniambia jambo ambalo lilinivunja tabia mbaya. Nilikuwa na desturi ya kubana meno na vidole na kukaza kila kitu pale mpira unapofika. Wanafizikia waliopima mgongano wa mpira na rungu wanasema unachukua kama elfu moja ya sekunde. Mtetemo unaoanzia mpira ulipogusa haujawahi hata kufika mikononi na kurudi, mpira umeshaondoka zake. Maana yake kwa wakati ule mikono haina tena la kusema, yote yalishasemwa njiani. Ndiyo maana wapo wanaouachia mkono wa juu baada ya kupiga na mpira bado unakwenda mbali. Charley Lau, kocha wa upigaji wa besiboli huko Marekani, aliwafundisha wengi kuuachia, na mwanafunzi wake George Brett alimaliza msimu wa 1980 akiwa na wastani wa .390, yaani karibu mapigo mazuri manne kwa kila zamu kumi za kupiga. Mimi mwenyewe siuachii. Nilijaribu, rungu likaruka likamkosa mkuu wa nidhamu kwa hatua mbili.

Novemba ile tuliishiwa mipira. Miwili ilipotelea kwenye vichaka upande wa baharini, mmoja ulishonwa mpaka ukawa na kona. Mwanafunzi mmoja akaja na ndoo ya mabibo yaliyookotwa, ya bure, maana korosho ndizo zinazouzwa na mabibo mengi yanaozea chini ya miti. Tukawa tunarushiana mabibo kutoka ubavuni, hatua nne tu. Ninawaambia hakuna kocha mkweli kama bibo. Mkono wa juu ukiwahi kupinduka, rungu linalikwangua mgongoni na maji yote yanakurukia viatuni. Rungu likifika likiwa limelala, bibo linapasuka katikati na maji yanakwenda mbele, na unasikia sauti nene, *pwa*. Baada ya siku tatu sikuhitaji kumwambia mtu kosa lake. Nilitazama viatu.

Tatizo ni kwamba doa la bibo halitoki. Mzazi mmoja alikuja shuleni na shati jeupe la mwanawe likiwa na ramani ya Afrika. Alikuwa na haki. Nikamwomba radhi, na kuanzia hapo mabibo yakapigwa kwa nguo za kushindia tu.

Machi 2020 Ticha aliitwa nyumbani pamoja na wenzake wa kujitolea, na shule zikafungwa mwezi huo huo. Aliniachia begi lile kubwa. Rungu moja la alumini lilikuwa limepata ufa, hivyo tukaenda kwa fundi seremala atuchongee la mti. Wavulana walitaka la mpingo, kwa fahari ya vinyago vya Wamakonde. Nikawaambia watumbukize kipande cha mpingo kwenye ndoo waone. Kikazama kama jiwe. Nani atazungusha hilo? Tulichukua mninga, likachongwa lisizidi sentimita 86 za sheria, na bado fundi alilipunguza mpini mara mbili kwa sababu rungu zito linaurudisha ugonjwa ule ule: wa kushoto unachoka, unazama, wa kulia unakuja kuokoa.

Julai 2021 softiboli ilirudi Olimpiki, Tokyo, baada ya kukosekana tangu Beijing 2008. Nilinunua bando na kutazama marudio ya fainali kwenye simu, Japani dhidi ya Marekani, nyumbani kwa kina Ticha. Japani walishinda 2 kwa 0. Mrushaji wao, Yukiko Ueno, alikuwa na miaka 39. Ndiye huyo aliyerusha mipira 413 ndani ya siku mbili kule Beijing. Lakini mimi sikumtazama yeye sana. Niliisimamisha picha kila mpigaji alipogusa mpira, nikawa natafuta viganja. Kimoja kinafunika, kingine kinapokea. Mume wangu akauliza ninahesabu nini. Nikamjibu, mikono. Akageukia ukutani akalala.

Mwaka uliofuata nikapata binti wa kidato cha pili ambaye anaandika kwa mkono wa kulia, anarusha kwa wa kulia, lakini siku ya kwanza alisimama upande wa wapigaji wa mkono wa kushoto kwenye kisahani, kile kibamba cha chini ambacho mpigaji husimama kando yake. Nilitaka kumgeuza. Kabla sijafungua mdomo akapiga, na mpira ukapita kati, chini kidogo ya bendera. Nikamwacha. Ukisimama upande huo mkono wako wa kuume ndio unaokuwa chini, yaani ule wenye nguvu na akili ndio unaoongoza, na juu ya hayo uko hatua moja au mbili karibu zaidi na kituo cha kwanza. Ichiro Suzuki, ambaye Ticha alimtaja karibu kila wiki, alirusha kwa kulia na kupiga upande wa kushoto, na mwaka 2004 alipata mapigo 262 katika msimu mmoja wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Siwaambii wanafunzi wote wahame upande. Nilimjaribu kijana mmoja, akajigonga kwenye ugoko na kunitazama kama nimemsaliti.

Agosti ya mwaka huo nilikuwa tena Mtama, safari hii kwenye mbaazi. Zimekaushwa, zimetandazwa kwenye turubai, na mama mkwe anazipura kwa mti mrefu. Nilikuwa nimemwona akipura kwa miaka, na sikuwahi kumwona. Kila baada ya mapigo kadhaa anabadilisha mikono bila kusimama: wa chini unapanda, wa juu unashuka, na mdundo haupotei. Nikamuuliza amefundishwa na nani.

"Nani afundishwe kupura?" akasema. "Mkono mmoja ukifanya kazi ya miwili, jioni hauwezi kushika mwiko."

Nilipura naye mpaka adhuhuri. Upande wangu wa kawaida nilikwenda vizuri. Nilipobadilisha, mti uliruka ukanigonga goti, na mbaazi zikaenda kwenye majani. Mama akaziokota moja moja, polepole, ili nimwone.

Sasa natumia jambo hilo uwanjani. Kila mwanafunzi anaanza na mapigo kumi upande asiouzoea, tena taratibu, kabla ya kwenda upande wake. Mwanzoni wanalalamika kwamba wanaonekana wajinga mbele ya timu ya mpira wa miguu inayopita. Wanaonekana, ni kweli. Halafu wakirudi upande wao, wanakuwa wameshaujua ugumu wa kila mkono na wanaacha kuuonea mmoja.

Mimi bado sijapona. Mrushaji akinipa mpira wa kasi ninapiga sawa, kwa sababu sina muda wa kuharibu. Ni ule wa polepole unaoninasa. Nauona unakuja, mnene, mtamu, na mkono wa kuume unaanza kuwaza makubwa. Jumamosi iliyopita upepo wa kusi ulikuwa mkali, mrushaji wetu akaurusha mpira ukaelea kama puto. Nikaupiga kwa nguvu zangu zote, nao ukaburuzika chini, taratibu, hadi kituo cha tatu.

Aliyekuwa analinda pale ni yule binti wa upande wa kushoto. Akaudaka, akaufuta vumbi kwenye kaptula yake.

"Madam," akasema, "kulia subiri."

Akamrushia mrushaji mpira, nami nikarudi kwenye kisahani.